Chupa za Wageni wa Noëlla

Noëlla Bilodeau hajauza hata tone la mvinyo maishani mwake, na bado simjui mtu mwingine katika mji wa Sherbrooke aliyefungua chupa nyingi kumshinda. Mgahawa anakofanya kazi, ule wa Mireille kule chini ya mteremko, karibu na mto, hauuzi kileo. Unakuja na chako. Unapita dukani, unachagua chupa, unaificha ndani ya koti isigande, unaiweka mezani, na Noëlla anakuja na kizibuo mfukoni mwa aproni kukufungulia. Ila kabla ya kuifungua ni lazima aitukane.

"Hii umeiokota wapi, mpenzi?" atakuuliza huku ameinyanyua kwenye taa. "Kwenye kile kiduka cha kituo cha petroli? Ungeleta petroli yenyewe, ina ladha."

Mimi nimeona watu wazima, wenye vyeo vyao kazini, wakichagua kwa makusudi chupa yenye picha ya kipuuzi, ya kangaruu au ya kuku amepanda baiskeli, ili watukanwe vizuri. Siku asipokutukana unakaa unajiuliza umemkosea nini.

Naitwa Spès. Kwetu ni Bujumbura, lakini nimekaa Sherbrooke muda mrefu kiasi kwamba nikienda kwetu nalalamikia joto mpaka dada zangu wananicheka. Kazi yangu ni kutunza wazee, naosha, nalisha, nageuza, nasikiliza. Alhamisi jioni mume wangu Nestor ananipitia kazini tunakwenda kwa Mireille. Hatuna starehe nyingine. Wenzetu wana boti na nyumba za ziwani, na Mungu awabariki, sisi tunataka meza yetu karibu na dirisha, supu ya vitunguu iliyofunikwa jibini, kome na chipsi, na chupa tuliyoibeba wenyewe.

Siku ya kwanza tulifika mikono mitupu. Dirishani palikuwa pameandikwa kwamba mteja alete mvinyo wake, na mimi nikamwambia Nestor, "Hawa wamefilisika. Hata kinywaji wanaomba kwa wateja." Nestor akasema ni mambo ya huku, tuingie tu, baridi itatuua hapa nje. Tukaketi. Kila meza ina chupa, kila meza watu wanacheka, sisi tuna maji. Noëlla akaja akatazama juu ya meza, halafu akainama akatazama chini yake.

"Chupa iko wapi?"

"Hatukujua utaratibu," Nestor akasema.

"Mmetoka wapi?"

"Burundi."

"Huko hamnywi?"

"Tunakunywa sana," nikadakia mimi, maana nilikuwa nimeanza kuudhika. "Lakini kwetu mwenye nyumba ndiye anayempa mgeni kinywaji."

Akanikazia macho. Nikajua sasa tunafukuzwa. Badala yake akachukua bilauri mbili tupu, akaanza kuzunguka meza moja baada ya nyingine. "Hawa ni wageni, wametoka mbali, wamekuja mikono mitupu kama maaskofu. Toeni." Na watu wakatoa, kidogo huku, kidogo kule, mweupe juu ya mwekundu, bila hata mmoja kununa. Aliporudi, bilauri zetu zilikuwa na kitu cha rangi nisiyoweza kuitaja. Kilikuwa kibaya kwelikweli. Tulikimaliza chote, na tangu siku hiyo tukikosa Alhamisi ujue mmoja wetu yuko hospitalini.

Ndivyo palivyo. Mtu anainuka na chupa yake anakwenda meza ya jirani asiyemjua, "Hebu onja hii uniambie," na akirudi anakuta na yake imeonjwa. Hakuna anayekuharakisha uagize cha pili, kwa sababu cha pili unacho mwenyewe chini ya kiti. Walimu wanne wa shule ya msingi wanakaa katikati, wanapiga kelele kuliko wanafunzi wao. Mpeleka barua anakuja na mama yake. Na pembeni, karibu na chombo cha kupashia joto, anakaa peke yake Mzee Aurèle Gosselin, wakili mstaafu, na chupa yake ya bei mbaya aliyoibeba kwenye mfuko wa sufu uliofumwa kwa ajili hiyo tu.

Huyo Aurèle ndiye ambaye Noëlla alipenda kumchokoza kuliko wote.

"Mzee, hiki kizibo kina umri gani?"

"Ni mvinyo wa miaka kumi na miwili, bibie."

"Miaka kumi na miwili na hakijajifunza kutoka chenyewe. Wewe ungekuwa mzazi mbaya."

Aurèle alikuwa anajikunyata kwa kijitabasamu. Mkewe alikwisha kufa, hakuwa na mtoto. Nadhani wiki nzima aliishi kwa kungoja lile tusi, na sioni aibu kusema hivyo maana mimi nami nililingoja langu.

Noëlla alizaliwa katika mji wa machimbo, si mbali na hapa, baba yake akirudi nyumbani na vumbi jeupe nyusini. Aliolewa na Gaétan, dereva wa lori, mtu mpole, aliyeanguka akafa asubuhi moja huku anazoa theluji mlangoni kwa koleo. Binti yao mmoja yuko Calgary, na huko ni mbali, safari nzima ya ndege. Noëlla anaishi peke yake ghorofani juu ya duka la viatu. Kwa Mireille aliingia wakati mgahawa ukiwa wa mama yake Mireille, Mireille mwenyewe akiwa mtoto wa kukalishwa juu ya gunia la viazi jikoni apewe maziwa. Noëlla ndiye aliyempa maziwa hayo. Mvinyo hanywi. Akifika kwake anakunywa bia moja, anaangalia mpira wa magongo, analala.

Mwaka jana majani yalipoanza kupukutika nikaona vidole vyake. Vidole vya namna ile naviosha kila siku, havinidanganyi. Vilikuwa vimevimba vifundoni, na kidole gumba cha kulia kimeanza kwenda upande. Akaanza kufungua chupa akiwa ametupa mgongo, ameibana kati ya mapaja, na mabega yakipanda juu. Mara mbili kizibo kikakatikia ndani, akakichokoa kwa uma na kumtukana mwenye chupa maradufu ili tusione.

"Hiyo ni baridi yabisi," nikamwambia siku moja ananiletea kahawa.

"Usiite jina lake," akasema. "Utaiita ije."

"Imekwishakuja, Noëlla."

"Basi tusiikaribishe kiti."

Ilipokaribia Krismasi, wakaja vijana wawili, mtu na mkewe, wanaadhimisha mwaka mmoja wa ndoa. Chupa yao waliibeba kutoka Italia walikokwenda fungate, wakaitunza mwaka mzima kwa ajili ya jioni ile. Noëlla akaitania kidogo, kwa upole, akaibana, akavuta. Vidole vikaachia. Chupa ikapiga sakafu, mvinyo ukaruka ukamjaa yule binti kwenye sweta yake nyeupe.

Sasa mahali pengine chupa ikivunjika, mwenye mgahawa anakuletea nyingine anakuomba radhi, mambo yanakwisha. Kwa Mireille hakuna nyingine. Chupa ni ya mgeni, kaja nayo, na ikimwagika imekwenda. Tulisimama meza zote tukapeleka mvinyo wetu kwa wale vijana, hata Aurèle akapeleka bilauri nzima ya ule wake wa miaka kumi na miwili. Binti akasema si kitu, si kitu, na huku machozi yanamtoka. Noëlla alikuwa amepiga magoti anaokota vipande, na hakutaka mtu amsaidie.

Tulipokuwa tunaondoka mimi nilibaki kwenye kile kijichumba cha kati ya milango miwili, tunakokung'uta theluji, nafunga kamba za buti. Mlango wa ndani haukujifunga vizuri. Mireille na Noëlla walikuwa wamesimama pale makoti yanapotundikwa, na nilisikia yote. Sikukohoa wala sikusogea.

"Noëlla wangu, umefanya vya kutosha. Mwisho wa Februari upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Wewe hujachoka. Mikono ndiyo imechoka."

"Mikono hii ndiyo iliyokufunga viatu."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuiangalia inavyoumia. Au wateja wafungue wenyewe. Wewe uhudumu tu."

"Nibebe sahani? Sahani hata mbwa akifundishwa atabeba." Kisha sauti yake ikashuka. "Nikipumzika nikae na nani, mwanangu? Nikae juu ya duka la viatu, ningoje Jumapili binti yangu apige simu kuniuliza nimekula nini? Hapa ndipo ninapozungumza na watu. Kule naongea na televisheni, nayo hainijibu."

Mireille, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, akasema, "Basi tujaribu. Mpaka mwisho wa Februari. Ikianguka chupa nyingine, au kizibo kikikatikia ndani tena, tunaacha, bila ugomvi. Isipotokea, utabaki mpaka useme mwenyewe basi."

"Hutaona tone sakafuni," Noëlla akasema.

Nikatoka nje. Nestor alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikaingia nikalia, tena kilio cha hasira, maana nilijua ile ahadi haiwezekani. Vidole vile havitimizi ahadi. Nikamsimulia Nestor kupitia dirishani, naye akaendelea kukwangua, akafikiri, akafungua mlango akaingiza kichwa.

"Tununue zile za kuzungusha."

"Zipi?"

"Zile zenye kifuniko cha bati, kama chupa ya maji. Hakuna kizibo, hakuna cha kukatika."

Nimeolewa na mtu asiyesema sana, na mara nyingine namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu akisema linakuwa neno.

Wiki iliyofuata tukawahi, tukawavizia wenzetu palepale kati ya milango. Walimu wakakubali kabla sijamaliza sentensi. Mpeleka barua akasema mama yake hatajua tofauti. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hawakumjua Aurèle Gosselin.

"Kifuniko cha bati?" akasema, akanitazama kana kwamba nimemwomba avue suruali. "Hicho ni cha chupa ya dawa ya kikohozi."

"Ni miezi miwili tu, Mzee Aurèle."

"Mama, mimi sijawahi kunywa mvinyo wa namna hiyo na sitaanza katika umri huu."

"Kwa hiyo utamletea kizibo?"

Akashika mfuko wake wa sufu, uso umemwiva. "Hilo nalo siwezi," akasema. Jioni ile akaiacha chupa kwenye gari lake, akaingia akaketi, akaagiza maji. Alhamisi iliyofuata, maji. Noëlla akamuuliza kama daktari amemkataza, naye akajibu kwamba ndiyo, daktari. Akaendelea kunywa maji Januari yote mpaka Februari, mzee wa watu, na uso kama wa mfiwa.

Lakini hata vile vifuniko havikuwa rahisi. Alhamisi ya kwanza Noëlla alishika chetu kwa ncha ya aproni, akazungusha, na nikaona midomo imekuwa myeupe. Ile pete ya bati inayoshikilia kifuniko haikatiki bila nguvu ya kidole gumba. Hapo ndipo tulipoanza kulegeza. Unaingia kijichumba cha kati, unageuza mgongo, unazungusha mpaka kilie krak, halafu unakirudisha taratibu kana kwamba hakijaguswa. Ungepita nje ukatuona kupitia kioo, watu wazima wameinama kwenye kona na makoti yao, ungeita polisi.

Na Noëlla akachanua.

"Tazameni," akasema Alhamisi moja katikati ya Januari, akafungua chupa ya walimu kwa vidole viwili. "Mafuta ya mfamasia ninayojipaka yamefanya kazi. Mlidhani Noëlla amekwisha, eh?"

"Hatukudhani," mwalimu mmoja akasema, akaangalia sahani.

"Mlidhani. Na siku hizi mmekuwa maskini wote kwa pamoja? Bati, bati, bati, meza zote. Nestor, hata wewe?"

"Maisha yamepanda, dada," Nestor akajibu.

Noëlla akacheka. Akawa anaimba akipita na sahani. Akamwambia binti yake kwa simu kwamba vidole vimepona, na binti akamwambia anunue kopo lingine la mafuta, naye akanunua, akaniletea na mimi kopo moja kwa ajili ya wazee wangu. Nikalipokea. Nestor akanikanyaga mguu chini ya meza kwa sababu aliona nataka kulia. Tulikuwa na furaha na tulikuwa na hofu, vyote kwa pamoja, na kila Alhamisi iliyopita salama hofu ilizidi.

Ikafika Alhamisi ya mwisho ya Februari. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata masikio. Sote tulikuwa tumeshaketi, chupa ziko mezani, zimelegezwa, Noëlla bado hajaanza kuzunguka. Tukawa tunasikia upepo unatuingia miguuni.

"Nani huyo ameacha mlango anatupulizia baridi?" Noëlla akasema, akaenda kuangalia.

Akausukuma mlango wa ndani. Kwenye kijichumba alikuwa amesimama Aurèle, glovu zake amezishika kwa meno, kofia imemteremkia jichoni, mlango wa nje umemkwama mgongoni. Chupa ameibana kati ya magoti. Ilikuwa chupa ya kifuniko cha bati, na alikuwa anakizungushia upande wa kukaza kwa nguvu zake zote, kwa kuwa hakuwahi kufungua kitu cha namna ile maishani.

"Mzee Aurèle," Noëlla akasema. "Unafanya nini?"

Aurèle akatema glovu. Mtu aliyefanya uwakili maisha yake yote, ungefikiri angepata hata uongo mdogo wa kusema. Hakupata.

"Nakulegezea," akasema.

"Unanilegezea nini?"

Akatutazama sisi kupitia kwenye kioo, na kule kututazama ndiko kulikotuchongea.

Noëlla akaichukua ile chupa mkononi mwake. Akarudi ndani, akaenda moja kwa moja meza ya walimu. Akagusa kifuniko chao kwa kidole kimoja. Kikazunguka. Akaenda kwa mpeleka barua, akagusa. Kikazunguka. Akaja kwetu.

"Na chenu, Spès?"

"Na chetu," nikasema.

Hakugusa. Akasimama pale na chupa ya Aurèle ameikumbatia kifuani, na niliona anavyozirudia Alhamisi zote kichwani mwake, moja baada ya nyingine.

"Basi yale mafuta hayakufanya kazi," akasema.

Jikoni Mireille aliacha kukoroga, akatokea mlangoni na upawa mkononi.

"Nimejisifu mbele yenu," Noëlla akasema, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Nimemwambia mwanangu nimepona. Nimewaonyesha vidole kama mtoto anayeonyesha jino, na nyinyi mnatazama sahani. Mmenionea huruma miezi miwili na mimi sijui."

"Si huruma," nikasema, nikasimama, maana mimi kukaa kimya sijajaliwa. "Tuliogopa."

"Mliogopa nini?"

"Kuja hapa Alhamisi tukukose. Nikitoka kazini nimechoka, nimezika mzee, nimetukanwa na mwingine, napata nguvu kwa sababu najua unaningoja unitukane na wewe. Tunakupenda, Noëlla. Tungefanyaje?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika lakini alikataa kuyafuta.

"Leteni chupa ya kizibo," akasema. "Kizibo halisi. Nitaifungua hapa, mbele yenu na mbele ya Mireille, kwa mikono yangu. Ikianguka ianguke, nichukue koti langu niende nyumbani. Lakini sitabaki kwa kudanganywa. Nani anayo?"

Tukatazamana. Akageukia meza ya walimu, wakashusha macho. Akamgeukia mpeleka barua, mama yake akanyanyua chupa yao kumwonyesha ile bati. Akapita meza ya nyuma kabisa, ya watu ambao sisi wengine tulikuwa tunawajua kwa sura tu, hatukuwahi kuwaambia kitu. Bati. Sijui nani aliwaambia.

"Mireille. Jikoni?"

"Jikoni nina siki," Mireille akasema polepole. "Mvinyo hatuna, Noëlla. Hatujawahi kuwa nao."

Noëlla akabaki katikati ya ukumbi anatuzungusha macho, na watu wote wale, na ubishi wao na ubahili wao na midomo yao mirefu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kizibo. Kwenye meza ya walimu mmoja alishaanza kufuta macho kwa kitambaa cha mezani.

Aurèle alikuwa bado amesimama na koti lake, theluji inamyeyukia mabegani. Akaja mpaka kwenye meza yake, akavuta kiti, si kile anachokalia yeye, kile cha mbele yake ambacho siku zote kilikuwa kitupu. Akalishikilia egemeo lake, akimngoja Noëlla.

Noëlla akakitazama. Miaka yote ile hakuwahi kukaa ukumbini wageni wakiwepo. Akaja, akaketi, akaiweka chupa mezani. Aurèle akaichukua, akaupata sasa upande wa kufungulia kifuniko, krak, akammiminia. Naye akamwaga kidogo kwenye kitambaa. Noëlla akaishika bilauri kwa viganja viwili, akanywa, akafumba macho, akameza.

"Mzee Aurèle," akasema, "huu mvinyo ni mbaya sana."

"Najua," Aurèle akasema. "Lakini unafunguka."

Noëlla akaanza kucheka, halafu kile kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kuwa kicheko, na mimi sikuona vizuri kilichofuata kwa sababu nilikuwa namlilia Nestor begani. Nilichosikia ni Mireille, kutoka mlango wa jikoni, akijitahidi sauti yake isikatike.

"Noëlla. Spès na Nestor wanangoja supu yao. Na Alhamisi ijayo uje mapema, tuna kundi kubwa, nimeshawaambia kwenye simu walete wanachotaka ila kifike kimelegezwa."

Noëlla hakugeuka. Akamsogezea Aurèle bilauri amwongeze.

"Wangoje," akasema. "Ninakunywa."

Tukangoja.